Mtoto wa Mkulima wa Vilimani: Maisha ya Gregor Mendel



Kila aliyesoma baiolojia hapa amekutana na njegere za Mendel. Tulizikariri kwa ajili ya mtihani, tatu kwa moja, kisha tukazisahau. Mimi niliyekulia shamba la mlimani huko Usambara, ambako njegere ndizo zilizonilipia ada, nilipaswa angalau kumuuliza mwalimu mtu huyu alikuwa mtoto wa nani. Sikuuliza. Habari zake nimezisoma ukubwani.

Alizaliwa Julai 1822 katika kijiji cha Heinzendorf, eneo la vilima lililokuwa chini ya Dola ya Austria. Leo kijiji hicho huitwa Hynčice, nacho kimo katika Jamhuri ya Cheki. Jina lake la utotoni lilikuwa Johann. Baba yake, Anton, alikuwa na shamba dogo, miti ya matunda na mizinga ya nyuki, na kwake kijana alijifunza kubebesha miche. Lakini siku tatu za kila juma Anton alimfanyia kazi kabaila mwenye ardhi, bila ujira wowote. Tusiifananishe kazi hiyo na msaragambo wa kwetu, ambao mtu hulima barabara atakayoipita mwenyewe.

Mwalimu na padre wa kijiji waliona kwamba mtoto ana akili, wakashauri aendelezwe. Alikuwa mwana wa kiume pekee, na waliozaliwa shambani wanajua uzito wa kumwachia mtoto kama huyo aondoke. Hata hivyo wazazi walimwachia. Mwaka 1834 aliingia sekondari ya mji wa Troppau. Fedha zao zilitosha nusu tu ya chakula chake, hivyo alizoea njaa, akingojea mkate na siagi kutoka nyumbani.

Mwaka 1838 gogo lilimwangukia Anton akiwa katika ile kazi ya shuruti, naye hakupata nguvu zake tena. Johann, mwenye miaka 16, ikambidi ajitegemee kwa kuwafundisha wenzake. Dhiki ikamlaza kitandani, tena zaidi ya mara moja. Mwaka 1841 Anton alimwachia shamba mkwewe, mume wa binti yake mkubwa, Veronika. Johann alikuwa ameendelea na masomo mjini Olmütz, lakini huko hakupata wa kumfundisha. Akarudi nyumbani mgonjwa, na mambo yakaonekana yamekwisha.

Aliyemwokoa ni mdogo wake, Theresia, aliyezaliwa mwaka 1829. Kwa desturi ya kwao binti ndiye aliyekwenda kwa mume na mali. Theresia alitoa sehemu ya fungu lake hilo ili kaka yake arudi masomoni. Hapa nilikifunga kitabu kwa muda. Dada yangu aliishia darasa la saba mwaka ule ule nilioletwa katika shule hii, na mzigo wa njegere uliouzwa sokoni aliubeba yeye.

Mwaka 1843 Johann aliingia nyumba ya watawa mjini Brünn, akapewa jina la Gregor. Hatimaye chakula kilikuwa cha uhakika. Alifundisha shule, na wanafunzi walimpenda, lakini mtihani wa kumthibitisha ualimu alioufanya mwaka 1850 alishindwa. Vijana wasikilize vizuri: somo mojawapo lililomwangusha ni elimu ya wanyama! Akapelekwa Chuo Kikuu cha Vienna tangu 1851 hadi 1853. Mwaka 1856 alijaribu mtihani tena, hakufaulu, akabaki mwalimu asiyethibitishwa.

Mwaka huo huo alianza kupandanisha njegere katika bustani ya watawa. Hadi 1863 alikuwa ameotesha mimea ipatayo 28,000, akihesabu punje moja moja. Katika jaribio moja alipata punje 5,474 za mviringo na 1,850 zilizokunjamana. Ndiyo ile tatu kwa moja yetu. Mkulima yeyote angeona kwamba punje hazifanani. Huyu alikaa akahesabu. Mwaka 1865 aliwasomea wataalamu wa mji wake matokeo hayo, yakachapishwa mwaka 1866, na karibu hakuna aliyeyajali. Mwaka 1868 alichaguliwa kuwa mkuu wa nyumba ya watawa, na miaka yake ya mwisho ikaliwa na ugomvi wa kodi na serikali. Alifariki tarehe 6 Januari 1884. Mpaka mwaka 1900 ndipo wanasayansi wa nchi nyingine walipofikia matokeo kama yake na kuukuta mwandiko wake.

Ule msaada wa Theresia hakuusahau. Aliwasaidia wanawe watatu kusoma, na wawili kati yao wakawa madaktari.