Jenerali Smuts na Alama za Eropleni

Jan Christiaan Smuts alizaliwa mwaka wa 1870 katika shamba karibu na Riebeek West, Afrika ya Kusini. Wazazi wake walikuwa Makaburu, watu wa kulima na kufuga. Kwao mwana wa kwanza ndiye aliyepelekwa shule, naye Jan akabaki akichunga. Alipokuwa na miaka 12 kaka yake akafa, ndipo Jan akapelekwa shule mahali pake. Akajifunza kwa bidii, hata akavuka bahari kwenda kusoma sheria Cambridge, na huko akawapita wenziwe wote.

Mwaka wa 1899 vita vikatokea kati ya Makaburu na Waingereza. Smuts akapanda farasi akaenda vitani, na bendera ya Kiingereza ilikuwa kwake alama ya adui. Mwaka wa 1902 Makaburu wakashindwa. Smuts akapatana na Waingereza, na alama ile ya adui ikawa alama ya upande wake.

Hata mwaka wa 1914 vikaanza vita vikuu vya kwanza vya dunia. Eropleni zilikuwa kitu kigeni, na nyingi hazikuwa na alama iliyoonekana kwa mbali. Askari walipoona eropleni juu yao waliipiga risasi, hata ikiwa ni ya wenzao. Basi Waingereza wakachora bendera yao chini ya mabawa. Walakini bendera ile ina msalaba mwekundu, na eropleni za Wajerumani zilikuwa na msalaba mweusi. Mtu aliye chini hakuweza kupambanua upesi. Mwisho wa mwaka ule Waingereza wakafuata mfano wa Wafaransa, waliokuwa na alama ya duara tangu 1912. Duara ya Wafaransa ilikuwa buluu katikati, kisha nyeupe, kisha nyekundu nje. Waingereza wakazigeuza rangi hizo: nyekundu ndani, buluu nje.

Mwezi wa Februari 1916 Smuts akashuka Mombasa, sasa ni jenerali, ili aongoze majeshi yaliyopigana na Wajerumani wa von Lettow-Vorbeck. Eropleni za Kikosi cha 26 zilimsaidia, na wengi wa watu wa kikosi kile walitoka Afrika ya Kusini. Ziliruka juu ya pori kuwatafuta adui na kuwatupia mabomu; lakini miti iliwaficha watu, na marubani mara nyingi walirudi bila kuona kitu. Tarehe 4 Septemba 1916 Dar es Salaam ikatwaliwa.

Ushindi huo ulikuwa na gharama kubwa. Mbung'o waliwaua farasi, mvua ikaharibu njia, na mizigo ikachukuliwa vichwani mwa watu. Katika vita vile vyote wapagazi zaidi ya 40,000 wa upande wa Waingereza walikufa, wengi wao kwa maradhi na utapiamlo. Mtoto wa Goba afuatanaye na mamaye kwenda soko la Kariakoo hulitaja jeshi lile la wapagazi bila kujua, kwa maana jina la Kariakoo limetokana na jina lake la Kiingereza.

Mwaka wa 1917 Smuts akaenda London. Wakati ule eropleni za Wajerumani ziliupiga mji ule mabomu mchana, watu wakafa. Smuts akatakiwa kutoa shauri, naye akashauri eropleni zote za vita ziwe chini ya jeshi moja la anga. Jeshi hilo likaundwa tarehe 1 Aprili 1918. Baadaye Smuts akawa Waziri Mkuu wa nchi yake, na tarehe 1 Februari 1920 Afrika ya Kusini nayo ikapata jeshi lake la anga.

Vita vya pili vilipotokea mwaka wa 1939, Smuts alikuwa Waziri Mkuu tena. Eropleni za nchi yake zilipigana na Waitaliani kutoka Kenya. Duara yao ilifanana na ile ya Waingereza, ila katikati palikuwa na rangi ya machungwa badala ya nyekundu, kama ilivyokuwa katika bendera yao. Mwaka wa 1942 Wamarekani nao waliondoa nyekundu katikati ya alama yao, isije ikadhaniwa kuwa ni jua jekundu la Wajapani.

Smuts alifariki tarehe 11 Septemba 1950. Alikuwa mtu wa akili nyingi na ushujaa. Hata hivyo, yeye aliyesaidia kuandika maneno ya haki za watu wote katika Mkataba wa Umoja wa Mataifa mwaka wa 1945, hakuwapa Waafrika wa nchi yake haki sawa na Wazungu.

Alama ya eropleni humwambia mtazamaji nani rafiki na nani adui. Wapagazi wale hawakuchorewa alama yo yote, nao ndio walioubeba mzigo wa vita. Tukumbuke jina la jenerali, na tukipita Kariakoo tuwakumbuke na wao.