Lord Erroll: Risasi mbili za Karen na bastola ambayo haijaonekana hadi leo

Usiku wa kuamkia Ijumaa, Januari 24, 1941, lori la maziwa lilikuwa likielekea Nairobi kupitia barabara ya Ngong. Yapata saa tisa usiku, Waafrika wawili waliokuwa ndani yake waliona taa za gari zikiwaka kando ya njia, karibu na makutano ya Karen. Lilikuwa gari aina ya Buick, limeacha barabara na kuinamia shimo la changarawe. Ndani yake mlikuwa na maiti ya mwanamume Mzungu, imejikunja sakafuni mbele ya kiti.

Mwanzoni ilidhaniwa kuwa ni ajali. Mwili ukaondolewa, gari likasogezwa, na watu wakakanyagakanyaga matope yaliyolizunguka. Ni baadaye tu, jeraha lilipochunguzwa vizuri karibu na sikio la kushoto, ndipo ilipobainika kuwa marehemu alikuwa amepigwa risasi kichwani. Risasi mbili zilikuwa zimefyatuliwa, moja ikamkosa. Zote zilikuwa za kipimo cha .32, upana wa takriban milimita nane, aina inayotumiwa katika bastola ndogo za kutiwa mfukoni.

Marehemu alikuwa Josslyn Hay, Earl wa 22 wa Erroll, mmoja wa watu mashuhuri zaidi miongoni mwa walowezi wa Kenya. Alikuwa na umri wa miaka 39.

Hay alizaliwa London mnamo Mei 11, 1901, katika ukoo wa kale wa Scotland. Alisomea Eton, shule ya watoto wa wakubwa, lakini akafukuzwa kabla ya kumaliza. Baada ya kufanya kazi kwa muda katika ubalozi wa Uingereza mjini Berlin, mwaka wa 1923 alimwoa Lady Idina Sackville, mwanamke aliyekuwa ameachika mara mbili na aliyemzidi umri. Ndoa hiyo ilizua minong'ono mingi katika jamii yao. Mwaka uliofuata wawili hao walihamia Kenya na kujenga makao yao katika eneo la Wanjohi, chini ya milima ya Nyandarua.

Hapo ndipo lilipozaliwa jina la Bonde la Furaha. Wageni walikunywa pombe hadi alfajiri, wengine wakatumia dawa za kulevya, na ndoa zikavunjika kwa urahisi. Bastola nazo hazikuwa mbali na maisha ya kundi hilo. Mnamo Machi 1927, Alice de Janzé, Mmarekani aliyekuwa na uhusiano wa kimapenzi na Hay, alimpiga risasi mpenzi wake mwingine, Raymund de Trafford, katika kituo cha garimoshi cha Gare du Nord jijini Paris, kisha akajipiga mwenyewe. Alitumia bastola ndogo. Wote wawili walinusurika, na baadaye wakaoana.

Hay alirithi cheo cha Earl baba yake alipofariki mwaka wa 1928. Aliachana na Idina mwaka wa 1930 na kumwoa Molly Ramsay-Hill, aliyekuwa na jumba jeupe la Oserian kando ya Ziwa Naivasha. Molly, aliyedhoofishwa na pombe na dawa za kulevya, alifariki mwaka wa 1939.

Ingekuwa kosa, hata hivyo, kumchukulia Erroll kama mtu wa anasa pekee. Mwaka wa 1934 alijiunga na chama cha Kifashisti cha Uingereza kilichoongozwa na Oswald Mosley. Baadaye aliingia katika siasa za walowezi, na mwaka wa 1939 akachaguliwa kuwakilisha Kiambu katika Baraza la Kutunga Sheria. Wakati huo ni Wazungu wachache tu waliompigia kura, ilhali Waafrika, waliokuwa wengi kuliko wote Kiambu, hawakuwa na sauti. Vita Kuu ya Pili ilipozuka, alipewa wadhifa wa katibu wa kijeshi mjini Nairobi.

Mnamo Novemba 1940, Sir Jock Delves Broughton, tajiri wa Kiingereza mwenye umri wa miaka 57, aliwasili Kenya na mkewe mpya, Diana, aliyekuwa na miaka 27. Walikuwa wameoana Durban siku chache tu kabla ya hapo, na wakakodi nyumba mtaani Karen. Haikuchukua muda kabla ya Erroll na Diana kupendana waziwazi. Katika klabu ya Muthaiga jambo hilo halikuwa siri kwa mtu yeyote, hata kwa Broughton mwenyewe.

Usiku wa Januari 23, wote watatu walikula chakula cha jioni pamoja katika klabu hiyo, wakiwa na rafiki yao June Carberry. Broughton aliinua glasi na kuwatakia wapenzi hao heri. Baada ya dansi, Erroll alimrudisha Diana nyumbani Karen, akamwacha mlangoni na kuondoka peke yake. Njia yake ilikuwa ile ya Ngong, inayopita Dagoretti kabla ya kuingia katikati ya jiji. Hakufika mbali. Gari lake lilikutwa umbali wa takriban kilomita nne kutoka kwa Broughton.

Macho yote yalimwelekea mume. Siku tatu kabla ya mauaji, Broughton alikuwa amepiga ripoti kwamba bastola zake mbili aina ya Colt zilikuwa zimeibwa nyumbani. Upande wa mashtaka uliuona wizi huo kuwa wa kubuni. Polisi walikwenda Nanyuki, katika shamba la rafiki yake, Jack Soames, ambako Broughton alikuwa amefanya mazoezi ya kulenga shabaha. Walipekua nyasi na kuokota risasi kuukuu. Wataalamu walizitazama kwa darubini wakakata kauli kwamba baadhi yake zilitoka katika bastola ileile iliyomuua Erroll. Aidha, palionekana dalili za baruti nyeusi, ya kizamani, ambayo wakati huo haikuwa ikitumiwa sana.

Broughton alikamatwa mnamo Machi 10, 1941. Kesi ilianza Mei 26 mbele ya Jaji Mkuu, Sir Joseph Sheridan, na juri ya wanaume Wazungu watupu. Iwapo angepatikana na hatia, angenyongwa. Diana alisafiri hadi Johannesburg kumtafuta wakili Harry Morris, aliyesifika kwa umahiri wake katika kesi za mauaji.

Morris hakujishughulisha sana na mapenzi wala wivu. Aliishughulikia bastola.

Bastola ndogo ya mfukoni ni chombo kinachodai utunzaji. Kwa kuwa hubebwa karibu na mwili, jasho huipata, vumbi na nyuzi za nguo huingia kwenye silinda na chini ya nyundo, na ikipuuzwa silinda hukwama au kifyatulio huwa kizito. Baruti nyeusi huongeza taabu. Huacha masizi mengi yanayovuta unyevu, na mtutu usiposafishwa upesi na kupakwa mafuta huliwa na kutu. Kutu na uchakavu huo huacha mikwaruzo juu ya kila risasi inayopita, na mikwaruzo hiyo ndiyo wataalamu hulinganisha kwa darubini.

Lakini kuna alama nyingine ambayo haitokani na uchafu. Ndani ya mtutu, kiwanda huchonga mifereji inayojipinda ili kuizungusha risasi isiyumbe ikiwa hewani. Idadi ya mifereji na upande inakopinda ni sahihi ya mtengenezaji. Colt za aina hiyo zilikuwa na mifereji sita inayopinda kushoto. Risasi zilizomuua Erroll, kwa ushahidi wa wataalamu wenyewe wa serikali, zilikuwa na alama za mifereji mitano inayopinda kulia.

Morris alimfanya shahidi akiri mambo hayo mawili, moja baada ya jingine. Hitimisho likajileta lenyewe: risasi hizo hazikutoka katika Colt. Na kama risasi za Nanyuki zilifyatuliwa na bastola ileile ya mauaji, basi nazo hazikutoka katika Colt zilizoandikishwa kwa jina la Broughton. Mwenye bastola anaweza kuisugua kila siku au kuiacha iozee sandukuni, lakini mifereji sita haitageuka kuwa mitano. Mwanasheria Mkuu, Walter Harragin, alibaki na kisa cha wivu kilichokosa silaha.

Mnamo Julai 1, 1941, juri ilimwachilia Broughton. Uhuru huo haukumletea amani. Alirejea Uingereza, na mnamo Desemba 1942 akajitoa uhai kwa dawa ya morfini katika hoteli moja mjini Liverpool. Alice de Janzé naye alikuwa amejiua kwa risasi mnamo Septemba 1941. Diana alibaki Kenya, akaolewa na Gilbert Colvile, kisha na Lord Delamere wa nne. Alifariki mwaka wa 1987.

Hakuna mtu mwingine aliyewahi kushtakiwa. Vitabu vimemtaja Broughton tena na tena. Vingine vimewataja wanawake walioachwa, na hata majasusi wa Uingereza waliodaiwa kuhofia siasa za Erroll wakati wa vita. Kila nadharia hukwama mahali pamoja, kwa kuwa bastola yenyewe haijapatikana.

Kesi hiyo ina funzo jingine, hasa ikiwekwa kando ya kesi iliyosikilizwa Nyeri miaka 15 baadaye. Mnamo Oktoba 21, 1956, Dedan Kimathi alipigwa risasi pajani na kukamatwa ukingoni mwa msitu wa Nyandarua. Shtaka lililomfikisha kitanzini halikuwa la kumuua mtu. Lilikuwa la kupatikana na bastola ya .38, kosa ambalo chini ya sheria za Hali ya Hatari lilitosha kumnyonga mtu. Waafrika hawakuhukumiwa na juri bali na jaji, akisaidiwa na wazee wa baraza ambao maoni yao hayakumfunga. Kimathi alinyongwa Kamiti mnamo Februari 18, 1957.

Mzungu aliyeshukiwa kuua alipata juri ya watu wa rangi yake, na wakili aliyehesabu mifereji ya mtutu mmoja baada ya mwingine. Kwa Mwafrika, swali halikuwa risasi ilitoka wapi. Ilitosha bastola kuonekana mikononi mwake.

Erroll alizikwa katika uwanja wa kanisa la Mtakatifu Paulo, Kiambu, kando ya mkewe Molly. Makutano ya barabara za Karen na Ngong, yaliyokuwa giza na kichaka usiku ule, sasa hupitwa na maelfu ya magari kila siku, na wengi wa wapitao hapo hawajui kwamba ndipo lilipokomea gari lake.