Tom Mboya, aliyewapeleka vijana ng'ambo ili warudi

Mwaka 1955 makuli wa bandari ya Mombasa waligoma kwa udogo wa mishahara. Aliyeshuka kutoka Nairobi kuwasemea alikuwa kijana wa miaka 24, Thomas Joseph Mboya. Nyongeza ikapatikana.

Marehemu alizaliwa tarehe 15 Agosti 1930 huko Kilimambogo, karibu na Thika, katika shamba la mkonge alikofanya kazi baba yake. Asili yao ni kisiwa cha Rusinga, Ziwa Victoria. Msafiri atokaye Awendo, mji wa miwa na kiwanda cha sukari, hupita Rongo, Homa Bay na Mbita, ndipo akafika. Baada ya shule ya Mang'u, umaskini ulimzuia kuendelea na masomo ya juu. Akajifunza ukaguzi wa afya, akaajiriwa na Baraza la Jiji la Nairobi, na huko ndiko alikoingia katika vyama vya wafanyakazi.

Basi mtu huyu aliyefungiwa mlango ndiye aliyewafungulia wenziwe. Uhuru ulikuwa ukibisha hodi, na wataalamu wa Kiafrika walikuwa wa kuhesabika. Makerere ilikuwa na nafasi chache, na wakoloni waliibeza elimu ya Marekani. Mwaka 1959 Mboya alizunguka Marekani, akiviomba vyuo nafasi na wahisani nauli. Mwanamichezo Jackie Robinson na mwimbaji Harry Belafonte walimsaidia kuchangisha. Septemba mwaka huo ndege ya kwanza ikaondoka na wanafunzi 81. Mwaka 1960 wakfu wa jamaa ya Kennedy ulitoa dola 100,000. Kufikia 1963 walikuwa wamekwenda karibu 800.

Mmoja wa waliokwenda 1960 ni Wangari Maathai. Aliporejea 1966, kazi aliyoahidiwa katika chuo cha Nairobi aliikuta imepewa mwingine. Alistahimili, akapata nyingine, na mwaka 2004 akatunukiwa Nishani ya Amani ya Nobel. Lakini si kila kijana mwenye subira kama hiyo, wala si haki kuidai kwa kila mmoja.

Wengi katika vijana wa Mboya walirudi kwa sababu viti vilivyoachwa na Wazungu vilikuwa vikiwangoja. Siku hizo kijana alisafiri kutafuta elimu ambayo haikuwapo kwao. Leo huipata papa hapa, wazazi wakauza ng'ombe au shamba kumsomesha, kisha akazunguka na bahasha ya vyeti mwaka baada ya mwaka. Mwaka 2021 Kenya ilitia saini mapatano na Uingereza ya kupeleka huko wauguzi waliokosa ajira, ilhali hospitali zetu wenyewe zina uhaba wa wauguzi. Wa pwani wengi huelekea Ghuba. Twawalaumu kwa tamaa ya fedha. Fedha imo, hatukatai. Lakini aliyenyimwa kazi kwao amefukuzwa kabla hajaaga.

Mboya aliuawa kwa risasi mjini Nairobi tarehe 5 Julai 1969, akiwa Waziri wa Mipango ya Uchumi, umri wake miaka 38. Amelala Rusinga.

Wahenga wa bahari walinena kwamba mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Ni kweli. Ila nahodha naye yampasa aache nafasi humo ngamani.