Kabla ya Droni: Buda Aliyevua Hadi Viatu Ndio Apige Picha Kutoka Angani

Siku hizi picha ya kutoka juu ni kitu ya kawaida sana. Video ya ngoma mpya lazima ipite juu ya mabati ya Eastlands, harusi ya ushago lazima ionekane kutoka mawinguni, na hata ploti ikiuzwa Kitengela unaonyeshwa kwanza ukiwa hewani. Droni inapaa, inapiga, inashuka. Kazi kwisha.

Sasa tuliza boli. Msee wa kwanza kufanya hii maneno hakuwa na droni, hakuwa na filamu, na hata ndege zilikuwa bado hazijaundwa. Alikuwa na puto, kikapu na vioo. Jina lake ni Nadar, mji ni Paris, na mwaka ni 1858.

Jina la kitambulisho lilikuwa Gaspard-Félix Tournachon, mtoi wa 1820. Budake alikuwa na biashara ya kuchapisha na kuuza vitabu, lakini ikafilisika, na mzee akafariki 1837. Félix alijaribu kusomea udaktari mjini Lyon. Ganji ikakosekana, akaachana na masomo akaanza kuandikia magazeti.

Huko Paris aliingiana na mbogi ya wasanii na waandishi waliosota kama yeye. Hao wasee walikuwa na mchezo wa kubandika silabi ya dar mwisho wa maneno, vile sisi hupindua maneno mtaani. Tournachon ikageuka Tournadar, ikakatwa, ikabaki Nadar. Yaani jina lililomfanya staa lilitoka kwa sheng ya kwao.

Maisha haikuwa rahisi. 1848 alijiunga na vijana waliotaka kwenda kupigania uhuru wa Poland, akashikwa njiani. 1850 akatupwa jela kwa sababu ya madeni. Kilichomwinua ni kalamu: alichora katuni za watu maarufu, na 1854 akatoa karatasi moja kubwa yenye zaidi ya vichwa 200 vya waandishi wa Ufaransa. Mwaka huo huo alioa Ernestine, mrembo ambaye angekuja kupitia naye mambo mazito.

Akahama kutoka katuni akaingia kwa kamera. Kwanza alikuwa amemsaidia ndugu yake mdogo, Adrien, kujifunza upigaji picha. Adrien alipoonja biashara akaanza kutumia jina la Nadar pia. Soo ikafika kortini, ndugu kwa ndugu, na 1857 Félix akashinda. Jina likabaki lake peke yake. Kwa studio yake walipitia mabazu wa wakati huo: mshairi Baudelaire, mwandishi Dumas, na mwigizaji Sarah Bernhardt akiwa bado mdogo.

Hapo angeweza kutulia ahesabu doo. Lakini jamaa alikuwa na wazimu wa maputo. Akajiuliza, mbona mtu asipande na kamera apige mji vile ndege wa angani huuona? Oktoba 1858 akachukua hati ya serikali kulinda wazo lake, kisha akaanza majaribio.

Hapo ndipo alipopatana na noma. Wakati huo picha ilipigwa kwenye kioo kilichopakwa dawa ya kolodioni yenye madini ya fedha. Kioo kilifaa kupakwa, kutumika na kusafishwa kabla dawa haijakauka, na hiyo ni dakika chache tu. Kwa hivyo Nadar alijenga kihema cha giza ndani ya kikapu cha puto. Puto lilifungwa kwa kamba lisitoroke, akapanda, akapiga, akasafisha. Kioo kikatoka cheusi. Akabadilisha dawa, akaosha vyombo, akarudia. Cheusi tena. Kila safari ilikuwa ganji inaungua, na hakuna kitu ya kuonyesha.

Siku moja karibu na kijiji cha Petit-Bicêtre, nje ya Paris, puto lilikuwa limelala usiku likiwa limefungwa mdomo. Baridi ikafanya gesi isinyae, na asubuhi puto likakataa kumbeba. Nadar hakutaka kurudi bila kitu. Akatoa kikapu, akatupa mizigo, akavua koti, akavua viatu, akajishikilia na kamera yake. Puto likapanda kama mita 80. Akapiga, akashuka mbio kusafisha kioo.

Picha ikatokea! Ilikuwa hafifu, lakini ilikuwa picha: nyumba ya shamba, hoteli ndogo na kituo cha polisi. Kulingana na maelezo yake, ungeweza kuona mkokoteni barabarani na njiwa wawili weupe kwenye paa.

Na hapo ndipo akashika rada. Maputo ya wakati huo yalijazwa gesi ya makaa ya mawe, ile ile ya kuwashia taa za barabarani. Puto likipanda, gesi hutanuka na kutokea kwa mdomo wa chini, moja kwa moja juu ya kihema chake. Hiyo gesi ina salfa, na salfa ikigusa fedha, fedha inakuwa nyeusi. Safari hii mdomo ulikuwa umefungwa. Kitu kilichokuwa kinamwinua ndicho kilichokuwa kinamharibia kazi.

Leo kuna watu wanaofunga kamera ndogo au simu kwa maputo ya heliamu, kamba mkononi, na kupata picha safi. Heliamu haigusani na kitu chochote, na mita moja ya ujazo inainua karibu kilo moja. Lakini 1858 hakuna mtu duniani alijua heliamu iko.

Ile picha ya kwanza ilipotea. Picha ya angani ya zamani zaidi ambayo bado iko ni ya James Wallace Black, aliyepiga Boston, Marekani, akiwa kwa puto mwaka 1860. Fikiria ujiulize mara mia, ufanikiwe, halafu ushahidi upotee.

Nadar hakukaa chini kulia. 1863 akaunda puto kubwa ajabu, Le Géant, yaani Jitu. Lilibeba gesi mita 6,000 za ujazo, na kikapu chake kilikuwa nyumba ya ghorofa mbili. Cha kushangaza ni sababu yake: Nadar aliamini puto halina maisha ya mbele kwa sababu linapelekwa na upepo. Alitaka watu walipe kuliona, kisha doo isaidie utafiti wa mashine nzito kuliko hewa, zile leo tunaita ndege. Katibu wa chama walichounda alikuwa beste yake Jules Verne, ambaye mwaka huo huo alitoa riwaya ya wasee wanaovuka Afrika kwa puto, safari ikianzia Zanzibar.

Safari ya pili ya Jitu, Oktoba 1863, iliishia vibaya. Upepo uliwasukuma kutoka Paris hadi eneo la Hanover, Ujerumani. Walipojaribu kutua, puto likawaburuta ardhini kwa kilomita nyingi, kikapu kikigonga kila kitu. Nadar akaumia miguu. Ernestine, aliyekuwa ndani na bwanake, aliumia vibaya na karibu apoteze maisha. Na ile doo ya utafiti? Jitu lilimletea hasara.

Lakini 1870 Wajerumani walipoizingira Paris, barabara zikafungwa na simu za waya kukatwa, ni nani alijua maputo? Nadar na wenzake wakafungua kituo pale Montmartre. Septemba 23 puto la Neptune likapaa na kama kilo 125 za barua, likapita juu ya maadui na kutua salama. Maputo zaidi ya 60 yalifuata kabla vita kuisha, na familia zilizotengwa zikapata habari za watu wao.

1874 jumba la iliyokuwa studio yake lilifungua mlango kwa wachoraji waliokuwa wamekataliwa na wakubwa wa sanaa. Mmoja aliitwa Monet. Hayo maonyesho sasa yanasomewa shuleni.

Ernestine aliaga 1909, baada ya ndoa ya zaidi ya miaka 50. Julai ya mwaka huo Louis Blériot akavuka bahari kutoka Ufaransa hadi Uingereza kwa ndege nzito kuliko hewa, ile kitu Nadar alikuwa amechekewa nayo miaka 46 mapema. Mzee wa miaka 89 akamtumia telegramu ya pongezi. Machi 1910 naye akaenda, akazikwa Père Lachaise, Paris.

Kwa hivyo ukiona droni ikipaa juu ya mtaa wenu, kumbuka kuna buda alivua viatu kwenye baridi ndio hiyo kitu iwezekane.