Leakey na umri wa fuvu la Olduvai

Fuvu la Zinjanthropus, linalotunzwa Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert, mwendo mfupi kutoka Ikulu ya Magogoni, ndilo lililompatia Dk. Louis Leakey sifa aliyoihangaikia miaka mingi. Sifa hiyo ilisimama juu ya kipimo cha gesi isiyoonekana kwa macho.

Leakey alizaliwa Kabete, Kenya, Agosti 7, 1903, mtoto wa wamisionari wa Kiingereza, akakua akizungumza Kikikuyu. Tanganyika aliikanyaga mwaka 1924, katika msafara wa kuchimbua mabaki ya dinosaria Tendaguru, Lindi. Mwaka 1931 alifika Olduvai pamoja na Mjerumani Hans Reck, akaunga mkono dai kwamba mifupa ya binadamu aliyoifukua Reck mwaka 1913 ilikuwa ya kale mno. Hadi mwaka 1933 alikuwa amekwisha kulikana: marehemu yule alizikwa baadaye sana ndani ya tabaka la kale. Mwaka 1935 akaaibika tena, aliposhindwa kumwonyesha mwanajiolojia Percy Boswell mahali hasa yalipookotwa mabaki ya Kanam na Kanjera.

Kwa hiyo mkewe, Mary, alipoliona fuvu Julai 17, 1959, suala la umri halikuwa dogo. Leakey alilikadiria miaka 600,000. Radiokaboni haikufaa, kwani haivuki miaka 50,000 hivi. Nayo ina udhia wake: radoni, gesi yenye mionzi itokanayo na chembe za urani, hujipenyeza katika gesi ya sampuli, na cha kale kikaonekana kipya. Maabara huiweka gesi hiyo wiki kadhaa, radoni ikipungua nusu kila baada ya siku 3.8, ndipo hupima.

Jack Evernden na Garniss Curtis wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walipima majivu ya volkano kwa argoni inayozaliwa na potasiamu. Hapa mchafuzi ni hewa tuivutayo, ambayo karibu asilimia moja yake ni argoni. Ilibidi hiyo ikokotolewe na kuondolewa. Mwaka 1961 jibu likatoka: miaka milioni 1.75. Von Koenigswald na wenzake walibisha mwaka huohuo. Mwaka 1965 njia nyingine, ya kuhesabu alama ziachwazo na urani katika kioo cha volkano, ikatoa karibu miaka milioni 2. Wabishi wakapungukiwa hoja.

Mwaka huo wa 1965 fuvu lilirejeshwa Dar es Salaam. Leakey alifariki London Oktoba 1, 1972, akazikwa Limuru.