Maurice Stokes: kutoka benchi la Westinghouse hadi NBA

Wengi wanaosimulia habari za Maurice Stokes huanzia kwenye kitanda cha hospitali. Wakishafika hapo hawamzungumzii tena yeye, bali humzungumzia mwenzake aliyemhudumia. Si vibaya, kwa kuwa mwenzake huyo anastahili kila sifa anayopewa. Lakini sisi tunaona kwamba kwa kusimulia hivyo mgonjwa hugeuzwa kuwa mfano tu wa wema wa mtu mwingine, na mchezaji mwenyewe husahaulika. Kwa hiyo tutaanza mapema zaidi.

Stokes alizaliwa tarehe 17 Juni 1933 huko Rankin, mji mdogo wa viwanda vya chuma kando ya Pittsburgh, jimbo la Pennsylvania, Marekani. Baba yake alikuwa kibarua wa kiwanda cha chuma, na mama yake alifanya kazi za ndani katika nyumba za watu. Alipokuwa na miaka minane familia ilihamia Homewood, ndani ya Pittsburgh, na huko alisoma sekondari ya Westinghouse. Shule hiyo haikuwa ngeni kwa mpira wa kikapu. Chuck Cooper, aliyekuwa amesoma hapo miaka michache kabla yake, mwaka 1950 alikuwa mchezaji wa kwanza mweusi kuchaguliwa na klabu ya NBA, ile ligi kuu ya kulipwa. Stokes alikuwa bado mwanafunzi. Njia ambayo hadi mwaka huo ilikuwa imefungwa kwa kijana mwenye rangi kama yake, ilifunguliwa na mtu wa shule yake mwenyewe.

Hata hivyo miaka yake miwili ya kwanza Westinghouse hakuanza kwenye kikosi. Alikaa benchi. Baadaye alipopata nafasi, shule ilitwaa ubingwa wa jiji mara mbili mfululizo, 1950 na 1951. Darasani, tunapojadili uwezekano na utendaji kwa Aristotle, mifano huwa ile ile ya mbegu na mti. Tunaupenda huu wa Stokes zaidi, maana mbegu haina kocha wa kuiambia kaa chini, ngoja.

Mwaka 1951 alikwenda chuo cha Mtakatifu Fransisko, Loretto, katika milima ya Pennsylvania. Kijiji hicho kilianzishwa mwaka 1799 na padri Demetrius Gallitzin, mtoto wa ukoo wa kifalme wa Urusi aliyeacha cheo na mali akawa mmisionari msituni. Chuo chenyewe kilianzishwa na Wafransisko mwaka 1847. Kilikuwa chuo kidogo, ambacho mtu wa New York angeweza kuishi miaka mingi bila kukisikia. Katika miaka minne ya Stokes timu ilishinda mechi 79 na kupoteza 30. Mwaka 1955 ilialikwa kwenye mashindano ya NIT huko New York, ambayo siku hizo yalikuwa na heshima kubwa. Katika nusu fainali dhidi ya Dayton, Stokes alifunga pointi 43, na bado timu yake ilifungwa katika muda wa nyongeza. Ilimaliza ya nne, lakini tuzo ya mchezaji bora wa mashindano akapewa yeye. Si kawaida tuzo hiyo kutoka nje ya timu bingwa, na waamuzi wa siku ile tunawapongeza kwa kuangalia mchezo badala ya kombe.

Mwaka huohuo Rochester Royals walimchagua wa pili katika orodha ya wachezaji wapya. Mechi yake ya kwanza, dhidi ya New York Knicks, alifunga pointi 32, akadaka mipira 20 iliyogonga ubao au chuma na kurudi, akatoa pasi 8 za kufunga. Namba hizo tatu zinaeleza karibu kila kitu juu yake. Alikuwa na urefu wa takriban mita mbili na mwili mzito, na watu wa umbo hilo walitarajiwa kukaa chini ya kikapu na kusukumana. Yeye alidaka, akageuka, akakimbia na mpira mwenyewe, akampa mwenzake. Alitangazwa mchezaji mpya bora wa msimu. Msimu wa 1956–57 alidaka mipira 1,256, rekodi ya ligi kwa wakati ule, na bado alikuwa miongoni mwa waliotoa pasi nyingi zaidi za kufunga. Alicheza misimu mitatu, na kila msimu aliitwa kwenye mechi ya nyota.

Tarehe 12 Machi 1958, klabu ikiwa imeshahamia Cincinnati, walicheza Minneapolis mechi ya mwisho ya msimu wa kawaida. Stokes alikwenda kufunga, akagongwa, akaanguka na kupiga kichwa sakafuni. Alizimia. Walimnusisha dawa ya kuzindua, akaamka, akarudishwa uwanjani. Siku tatu baadaye alicheza tena, Detroit. Katika ndege ya kurudi akashikwa na degedege, kisha akapoteza fahamu. Alipozinduka mwili wote ulikuwa umepooza. Alikuwa na miaka 24.

Akili yake ilikuwa nzima. Hapa ndipo tunapomkumbuka Boethius, ambaye alipoeleza nafsi ya mtu ni nini alitaja akili, hakutaja mikono wala miguu. Lakini benki haikusoma Boethius: Stokes hakuweza kutia sahihi, kwa hiyo hakuweza kutumia fedha zake mwenyewe, na klabu za siku hizo hazikuwa na bima ya kumtunza mchezaji kwa miaka. Jack Twyman, mzungu wa Pittsburgh aliyejiunga na Royals mwaka mmoja naye, akaenda mahakamani akawa mlezi wake kisheria. Twyman alikuwa na miaka 23. Alipigania fidia ya wafanyakazi ya Ohio, akaandaa kila mwaka mechi ya hisani ambayo wakubwa wa ligi walikuja kuicheza.

Na Stokes? Alifanya kazi. Mwanzoni alizungumza kwa kupepesa macho, herufi moja moja, mwenzake akitaja alfabeti na yeye akimsimamisha. Kisha miaka ya mazoezi ya viungo, vidole, ulimi, hatua. Yule aliyengoja miaka miwili benchi alingoja kumi na miwili hospitalini, na hakungoja kwa kulala.

Alifariki kwa mshtuko wa moyo tarehe 6 Aprili 1970, akiwa na miaka 36. Kwa ombi lake alizikwa Loretto, katika makaburi ya mabruda Wafransisko. Ukumbi wa Heshima wa mpira wa kikapu ulimpokea mwaka 2004, miaka 34 baada ya kifo chake, na kwa maoni yetu ulichelewa mno. Twyman, aliyeingizwa humo tangu 1983, alikuwa na miaka 70 alipompokelea heshima hiyo.