KINJEKETILE NA AHADI YA MAJI

Likizo ya Aprili niliingia kibanda cha vidio mjini Migori kutazama sinema ya karate. Humo mna askari waliobadilishwa jeni na wataalamu katika maabara. Wanapigwa mateke, wanadungwa visu, hata risasi haiwaangushi. Tulishangilia mpaka mwenye kibanda akatishia kuzima mashine. Lakini nikiwa njiani kurudi nyumbani nilimkumbuka mzee aliyewaahidi watu wake jambo hilohilo, bila maabara wala kamera. Huyo ni Kinjeketile Ngwale. Kwa nini nilimkumbuka yeye? Nitawaeleza mwishoni.

Kinjeketile aliishi Ngarambe, karibu na mto Rufiji, katika nchi ambayo leo ni Tanzania. Siku hizo ilitawaliwa na Wajerumani. Watu walitozwa kodi ya nyumba, na tangu 1902 wakalazimishwa kulima pamba katika mashamba ya pamoja. Malipo yalikuwa haba mno, na aliyechelewa alionja kiboko. Wakati huohuo mashamba yao ya chakula yalibaki magugu.

Basi, mwaka wa 1904 ikavuma habari ya ajabu. Wazee husimulia kwamba Kinjeketile alipagawa na pepo aitwaye Hongo, akaingia majini mbele ya watu wake. Walimngoja wakidhani amekufa maji. Kesho yake akatoka, nguo zake kavu kabisa, akaanza kutabiri. Watu wakamiminika Ngarambe kutoka kila upande. Aliwapa dawa ya maji, ambayo ilichanganywa na mtama na mafuta ya mbarika. Ati atakayeipata, risasi ya Mjerumani itageuka maji mwilini mwake.

Tusiharakishe kucheka. Maji hayo yalifanya jambo moja kubwa sana. Wamatumbi, Wangindo, Wapogoro, Wambunga na wengineo, ambao kila mmoja alikuwa na mambo yake, walianza kujiona ndugu. Wajumbe walipeleka dawa kijiji kwa kijiji, na habari ikaenda kwa kunong'onezana. Hata wale ambao zamani walikuwa maadui walikunywa maji yale yale.

Kinjeketile aliwaambia wangoje, siku ya vita ataitangaza yeye. Lakini mwenye njaa hana subira. Julai 1905, Wamatumbi wa Nandete waling'oa pamba, na vita vikawaka kabla ya wakati. Tarehe 4 Agosti 1905 Wajerumani walimnyonga Kinjeketile huko Mohoro. Vita vilikuwa na majuma mawili hivi tu, na wengi waliokunywa dawa yake hawakuwahi kumwona kwa macho.

Kufa kwake hakukuzima moto. Tarehe 30 Agosti maelfu ya wapiganaji waliishambulia ngome ya Mahenge. Walisonga mbele wakiamini. Bombomu mbili zikawafyeka kama nyasi. Kumbe maji yalikuwa maji tu! Baadaye Wajerumani walichoma vijiji na maghala, na njaa ikamaliza waliosazwa na risasi. Mpaka vita vinakwisha 1907, makumi ya maelfu ya watu walikuwa wamekufa. Wako wanahistoria wanaokadiria kuwa walifika 300,000.

Msidhani hayo ni mambo ya mbali. Septemba 1914 jeshi la Wajerumani hao hao lilipitia Karungu, hapa kwetu Migori, likaenda kupigana na Waingereza Kisii.

Sasa niwaambie sababu yangu. Mwaka jana timu yetu ilikuwa ikienda kucheza Homa Bay. Mimi ndiye niliyezunguka bwenini nikichangisha pesa za mganga. Tukapewa dawa ndani ya chupa, tukapaka miguu na mikono. Kipa wetu alikuwa na maumivu ya kifundo cha mkono, akataka kupumzika. Nikamwambia asiogope, leo hakuna atakayeumia. Aliniamini kwa kuwa mimi ni mkubwa wake. Kabla ya mapumziko alirukia mpira miguuni mwa mshambulizi, akavunjika mkono ule ule. Niliketi naye nyuma ya gari mpaka hospitali. Hakunilaumu hata kidogo, na hilo ndilo liliniuma zaidi.

Ndiyo maana siwezi kumcheka Kinjeketile, wala siwezi kumsifu tu. Sijui kama naye aliyaamini maji yake. Ninachojua ni kwamba aliwapa watu vitu viwili kwa mkono mmoja: umoja, ambao ulikuwa wa kweli, na kinga, ambayo haikuwapo. Umoja ule haukusahaulika. Waliopigania uhuru wa Tanganyika miaka hamsini baadaye waliukumbuka. Kinga ile iliwapeleka vijana wa watu mbele ya bombomu.

Ndugu zangu, sinema tutazame, ni burudani. Lakini mwili wa binadamu ni nyama na mfupa, uwe wa askari au wa kipa. Anayetaka kuwaongoza wenzake awape umoja na mazoezi, asiwape chupa. Kipa wetu amepona, na jioni tunafanya mazoezi pamoja. Nilimwomba msamaha, akacheka, akanirushia mpira.